Kibanda cha hati za rufaa karibu na mahakama ya Mombasa: chapa safi, lakini soma kila mstari kabla ya kuipeleka gerezani

Sababu ya nne ya rufaa ya mtoto wa jirani yangu ndiyo iliyonifanya nivue miwani, niipanguse kwa ncha ya leso, kisha niivae tena. Ilikuwa imepigwa chapa safi kabisa, mistari imeachana vizuri kama korti inavyotaka. Ilikuwa kwa Kiingereza, ila maana yake ni hii: kwamba mheshimiwa hakimu alikosea kisheria kwa kutowaelekeza wazee wa baraza ipasavyo juu ya ushahidi wa utambuzi. Jirani yangu alikuwa ameshafungua pochi alipe. Nikamshika mkono. "Ngoja kwanza, mamangu. Wazee gani hawa?"

Kesi ya mwanawe haikuwa na mzee hata mmoja. Ilisikizwa na hakimu peke yake, hapa hapa kisiwani. Na hata ingekuwa kesi ya mauaji mbele ya jaji wa Mahakama Kuu, wazee wa baraza, wale raia wa kawaida waliokaa na jaji na kumpa maoni yao, Kenya waliondolewa na sheria mwaka 2007.

Mimi nilikuwa karani na mkalimani wa korti kwa miaka 26. Kabla ya mwaka huo nilikaa kwenye kesi nyingi za mauaji nikiwatafsiria wazee maneno ya jaji, kwa hiyo nilijua mara moja sababu ile imetoka wapi. Imenyofolewa kwenye rufaa ya mtu mwingine, pengine ya nchi nyingine, ikabandikwa hapa nzima nzima. Lakini sitaanza na lawama, maana kibanda hiki kina mazuri yake. Watu wa Likoni, Kisauni na Majengo ambao huambiwa na ndugu zao "nenda kwa wale wa rufaa" wana haki ya kujua wanaingia mahali gani.

Chenyewe hakina kibao wala jina. Kiko kwenye uchochoro wa kuelekea Mji wa Kale, mwendo wa dakika chache kutoka Treasury Square. Ukishuka kwenye tuktuk ulizia wa rufaa, na muuza mabuyu wa pembeni atakuonyesha kwa kidevu. Ndani mna meza mbili, kompyuta mbili, mashine moja ya chapa na kopi, feni ya ukutani, na benchi la watu wanne ambalo siku ya Jumatatu hukaliwa na saba. Wafanyakazi ni vijana wawili, mvulana na msichana. Ukurasa mmoja wa kupigwa chapa ni shilingi 60, kopi ni shilingi 10. Kutafutiwa hukumu ya zamani ni shilingi 100, na wasipoipata hulipi. Hukumu hizo huwekwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law, nao hawakufichi hilo. Unalipia muda wao na karatasi.

Huduma iliyonirudisha pale mara ya pili na ya tatu ni ya shilingi 300: msichana anakusomea hukumu yako yote kwa Kiswahili. Anakaa nawe, anaweka rula chini ya mstari, anasoma, anaeleza, anasubiri uulize. Jirani yangu alikuwa ameibeba hukumu ya mwanawe kwenye mfuko wa plastiki kwa muda wa miezi mitatu bila kujua imeandikwa nini zaidi ya idadi ya miaka aliyofungwa.

Nilimsikiliza msichana yule kwa sikio la kazi yangu. Alipofika kwenye maneno ambayo mawakili huyasema kama dua, yale ya kiwango cha ushahidi katika kesi ya jinai, nilijikuta nimeshika ukingo wa meza. Hakusema "bila shaka lolote". Alisema, "Hakimu anatakiwa awe na hakika, asibakiwe na shaka lenye maana, shaka ambalo mtu mwenye akili timamu angelisimamia." Nikamuuliza amejifunza wapi. Akasema, "Bi, nilisoma hukumu nyingi tu, nikaona 'shaka lolote' haliwezekani kwa binadamu."

Mimi nilichukua miaka kufika hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kesi ya mauaji, nilitafsiri "bila shaka lolote", kama nilivyowakuta wenzangu wakisema. Mmoja wa wale wazee watatu, mvuvi aliyestaafu, akainua mkono akaniuliza mimi, si jaji, "Hata lile shaka ambalo Mola peke yake ndiye ajuaye?" Chumba kikanyamaza. Jaji akataka kujua mzee kasemaje. Nilipomweleza, aliweka kalamu chini, akaanza upya. Akawaambia wazee kwamba mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho, kwamba mshtakiwa hana deni la kuthibitisha lolote, na kwamba wakibaki na shaka ambalo wanaweza kulieleza kwa maneno na likaingia akilini, shaka hilo ni la mshtakiwa. Kisha akawauliza mmoja mmoja kama wameelewa. Yote akayaandika kwa mkono wake. Ilichukua karibu nusu saa, na mimi nilitoka pale na koo limekauka.

Na nimeona kinyume chake. Kesi nyingine, jaji mwingine, saa sita na nusu mchana, ukumbi una joto. Wazee waliambiwa kwa ufupi: mmesikia mashahidi, mnasemaje? Wote watatu wakasema ana hatia. Mmoja alipoulizwa sababu akasema, "Kama hakufanya, alikimbia kwa nini?" Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba mtu hukimbia pia kwa hofu, kwa aibu, au kwa kuwa umati unakuja na mawe, na kwamba kukimbia peke yake hakuthibitishi kuua. Nilitafsiri jibu lile kwa Kiingereza kwa sauti ile ile ninayotafsiria kila kitu, maana ndiyo kazi. Lakini sijalisahau.

Kwa hiyo sababu ya nne, japo ilikuwa imewekwa kwenye kesi isiyo yake, ilinigusa. Si maneno ya ovyo. Ni moja ya sababu nzito kabisa katika rufaa za jinai, pale zinapohusika. Nikamwomba msichana anitafutie mizizi yake, nikamlipa shilingi zake 100 kwa kila hukumu, nikakaa kwenye benchi karibu saa mbili.

Alichonipatia kilistahili pesa. Kwanza ni uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki wa mwaka 1954, rufaa ya Washington Odindo. Majaji walisema maoni ya wazee yanaweza kumsaidia sana jaji, ila tu kama wazee wenyewe wameyaelewa matukio ya kesi pamoja na sheria inayohusika; wasipoelezwa, thamani ya maoni yao hupungua kwa kadiri hiyo. Pili ni rufaa ya mtu aitwaye Bharat, iliyotoka Fiji na kuamuliwa mwaka 1959 na Baraza la Faragha kule London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa za makoloni. Fiji nako walikuwa na wazee wa baraza kama wetu, na kosa lilikuwa pale pale, kwenye maelekezo ya jambo la msingi la sheria. Tatu ni Tulubuzya Bituro ya Tanzania, 1982. Humo Mahakama ya Rufani ilishika njia hiyo hiyo: kama wazee hawakuelekezwa, au walielekezwa vibaya, juu ya jambo muhimu la kisheria, haiwezi kusemwa kwamba jaji alisaidiwa na wazee. Hapo ndipo nilipotambua sababu ya nne imezaliwa wapi. Kijana wa mashine alikuwa ameichukua kutoka rufaa ya Tanzania.

Msichana akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike haya yote. "Lakini Bi, kwa nini kosa la maneno ya jaji liivunje hukumu, kama ushahidi uko?"

Nikamweleza kwa mfano wa Uingereza, ambako kesi kubwa huamuliwa na juri, raia 12 wasiosomea sheria. Juri haitoi sababu. Inatoka chumbani kwake na maneno mawili matatu, ana hatia au hana, basi. Huwezi kurufani dhidi ya fikra za watu 12 usizozisikia. Unachoweza kukishika ni kile walichoambiwa kabla ya kuingia chumbani, maana hicho kimerekodiwa neno kwa neno. Kama dira waliyopewa ilikuwa mbovu, huna njia ya kujua walifika kwenye hatia kwa njia ya haki au kwa kupotea. Ndiyo maana mahakama ya rufaa kule huuliza kama hukumu ni salama. Tangu sheria yao ya 1995 hicho ndicho kipimo, na kinampa nafasi hata mtu ambaye hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba hakutenda.

Nikamtajia Reginald Woolmington, kijana kibarua wa shambani wa miaka 21. Mkewe alikufa kwa risasi Desemba 1934, naye akasema bunduki ililipuka kwa bahati mbaya. Jaji aliliambia juri kwamba ikishathibitika mshtakiwa ndiye aliyemuua, yeye ndiye wa kuonyesha haikuwa mauaji ya kukusudia. Akahukumiwa kifo. Mwaka 1935 mabwana wa sheria wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa kule wakati huo, waliifuta hukumu ile, wakasema kazi ya kuthibitisha ni ya mashtaka, isipokuwa kwenye utetezi wa wazimu na pale sheria ya Bunge inaposema vingine. Sentensi moja ya jaji ilikuwa imeugeuza mzigo, na kijana alikuwa karibu kunyongwa kwa ajili yake.

Yeye aliwahi kuokolewa. Derek Bentley hakuwahi. Alinyongwa Januari 1953, akiwa na miaka 19, kwa kifo cha askari wa polisi aliyepigwa risasi na mwenzake wa miaka 16. Hukumu yake ilifutwa Julai 1998, na sababu kubwa ilikuwa jinsi jaji alivyolielekeza juri: mzigo na kiwango cha ushahidi havikuelezwa inavyopasa, na hotuba yote iliegemea upande wa mashtaka kiasi cha kumnyima haki ya kusikizwa. Miaka 45. Msichana alinyamaza, akaangalia skrini, kisha akaichapa karatasi ile bila kunitoza.

Sasa, "Hii tuifute tu?" akauliza kuhusu sababu ya nne.

Nikamwambia hapana, tuigeuze. Kosa laweza kuwa lile lile, ila aliyepaswa kuelekezwa ni mwingine. Siku hizi Kenya hakimu ndiye juri na ndiye jaji. Hana wa kumwelekeza ila nafsi yake, na lazima hukumu yake ionyeshe kwamba amejielekeza. Katika ushahidi wa mtu mmoja aliyemwona mtu usiku, hili si mapambo. Tangu kesi ya Abdalla bin Wendo ya mwaka 1953 mahakama zetu zinasema ushahidi wa utambuzi wa shahidi mmoja upimwe kwa uangalifu mkubwa, hasa pale mazingira yalipokuwa magumu. Uingereza walifika hapo kwa maneno yao mwaka 1976 katika kesi ya Turnbull: jaji alionye juri kwamba hata shahidi mkweli, anayejiamini, anaweza kukosea, kisha alipitishe kwenye umbali, mwanga, muda wa kutazama, kizuizi kilichokuwapo, na kama alimjua mtu huyo kabla. Na Mahakama ya Rufani yetu katika kesi ya Maitanyi, 1986, ilitaka iulizwe wazi: mwanga ulikuwa wa nini, una nguvu gani, na ulikuwa wapi ukilinganisha na mtu anayedaiwa kuonekana.

Tukaifungua tena hukumu ya kijana wa jirani yangu. Kurasa sita. Shahidi mmoja, mlinzi wa duka, alisema alimwona "kwa taa ya barabarani". Hakimu aliandika kwamba shahidi alikuwa mkweli na hakuyumba alipohojiwa. Basi. Taa ilikuwa upande gani wa barabara? Hakuna. Umbali? Hakuna. Alimwona kwa muda gani? Hakuna. Onyo kwamba mkweli naye hukosea? Msichana alipitisha rula mstari kwa mstari mara mbili, kurasa zote sita. Hakuna. Jirani yangu, ambaye hajui Kiingereza, ndiye aliyesema, "Kwa hiyo alimwamini mtu, hakuupima mwanga." Sijapata kusikia wakili akiisema vizuri hivyo.

Sababu mpya ya nne ikawa: kwamba hakimu alikosea kisheria kwa kumtia hatiani mrufani kwa ushahidi wa utambuzi wa shahidi mmoja usiku bila kujionya juu ya hatari yake na bila kuuchunguza mwanga, umbali na muda wa kutazama. Walibadilisha bila malipo na kuomba radhi. Ombi la kwanza la rufaa kijana alikuwa ameshalipeleka mwenyewe akiwa gereza la Shimo la Tewa, ndani ya zile siku 14 za sheria. Hizi zetu zilikuwa sababu za nyongeza baada ya kupata mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa kortini. Ikabidi karatasi ziende gerezani akazitie sahihi yeye, kisha zirudi.

Nisiyoyapenda ni matatu, na mawili ni makubwa.

La kwanza nimeshalisema: vielelezo vya kunakili. Mtu akija na haraka, kijana wa mashine anafungua faili, anabadilisha jina, namba ya kesi na miaka, anachapa. Sababu zingine zinaweza kupita hivyo, maana "alikosea kisheria na kimatukio" liko kwenye kila rufaa duniani. Lakini jaji akisoma wazee wa baraza kwenye kesi isiyo na wazee, ataamini vipi sababu ya tano na ya sita? Mfungwa hatakuwa na wakili wa kumtetea aeleze kwamba ni kosa la mpiga chapa.

La pili ni ahadi. Nilimsikia kijana akimwambia mzee mmoja aliyetoka Kilifi, "Hii lazima atoke." Mwanangu, usiseme hivyo. Mahakama Kuu kwenye rufaa ya kwanza huupima upya ushahidi wote yenyewe. Kesi ya Okeno ya mwaka 1972 ilishasema hivyo. Inaweza kuona hakimu hakujionya, na bado ikaona ushahidi mwingine unatosha. Na kifungu cha 382 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinasema hukumu haibatilishwi kwa dosari isipokuwa iwe imesababisha haki kukosekana. Inaweza pia kuamuru kesi ianze upya. Mzee yule aliondoka akitabasamu, nami nikaumia, maana nimewaona wazazi kama yeye wakikaa kwenye ngazi za mahakama baada ya rufaa kutupwa, hawajui waelekee wapi. Hawa si mawakili na hawajidai mawakili, basi wasitoe hakika ambayo hata wakili hatoi. Aliye na kesi nzito aulizie kwanza ofisi ya msaada wa kisheria ya serikali, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

La tatu ni faragha. Skrini inaangalia benchi. Nilisoma, bila kutaka, nusu ya hukumu ya unajisi yenye jina la mtoto. Nilimwambia msichana, akaigeuza meza pale pale. Nilipokwenda mara ya tatu ilikuwa bado imegeuzwa, na kopi zilizoharibika sasa zinachanwa badala ya kufungiwa mabuyu.

Ukiniuliza nyota, nawapa nne kati ya tano, na zote nne ni za msichana na rula yake. Kijana ana mkono mwepesi na chapa yake haina kosa la herufi, ila anapaswa kusoma anachokichapa.

Mara hiyo ya mwisho nilimwomba anionyeshe kielelezo kilichotutia mashakani. Sababu ya wazee haimo tena. Mahali pake pameachwa wazi, na msichana ameandika kwa herufi nyekundu, ili mpiga chapa asipite bila kuona: "Nani aliamua kesi hii, na aliambiwa nini?"

Hufungua saa mbili asubuhi, Jumamosi hufunga saa saba. Jumatano ndiyo siku yenye foleni ndogo. Nenda na mwenendo kamili wa kesi, usiende na hukumu peke yake, maana maneno ya shahidi kuhusu taa yamo mle.